Wacha kucheka jina Rispah, kwanza soma stori yake

Sista yangu anajifungua mwezi ujao na skani imesema ni msichana. Ni msichana wake wa pili, na kwa mila za Kikuyu wa pili huitwa jina la mama ya mama, yaani mathe wetu. Lile jina la nyumbani sista hana shida nalo. Vita viko kwa lile la kanisa. Mathe anaitwa Rispah.

"Siwezi ita mtoto wa siku hizi Rispah," sista anasema. Anataka Tiffany. Ati Rispah ni jina la mweka hazina wa chama, mama wa leso na simu ya kubonyeza.

Nilicheka pia, siwezi danganya. Halafu usiku mmoja nikakosa usingizi, nikaifungua hiyo stori kwa simu, na tangu hiyo siku mimi ndiye napigania hilo jina kuliko mathe mwenyewe.

Tuanze na vile linaandikwa. Ukitembea kutoka Kayole mpaka Kariobangi utapata Rispa, Rispah na Risper, na wote ni mtu mmoja. Biblia ya Kiingereza inaandika Rizpah. Biblia ya Kiswahili, ile Union ya 1952 ambayo kila shosho yuko nayo, inaandika Rispa. Kwa hivyo mathe wangu ana "s" ya Kiswahili na "h" ya Kizungu kwa kitambulisho kimoja. Risper nayo, kwa maoni yangu, ni ile tabia yetu ya kusikia "a" mwisho wa jina na kuandika "er" ndio likae la ng'ambo.

Kwa Kiebrania ni Ritspa, na hilo neno liko na maana mbili. Ya kwanza ni kaa la moto. Mnakumbuka Isaya sura ya 6, pale serafi anachukua kaa kwa madhabahu na kugusa midomo ya nabii? Neno ni hilo hilo. Maana ya pili ni sakafu ya mawe, kama ile ya ua wa hekalu kwa Ezekieli 40. Hata leo ukienda Israeli, sakafu ya nyumba inaitwa hivyo. Kaa la moto, na kitu watu wanakanyaga.

Sasa stori. Rispa alikuwa suria wa Mfalme Sauli. Anatokea mara mbili tu, zote kwa 2 Samweli. Mara ya kwanza ni sura ya 3, Sauli ameshakufa, na wanaume wawili wanagombana kama mmoja wao amelala naye. Hakuna mtu anamuuliza yeye. Yuko pale kama gari la marehemu ambalo familia inapigania.

Mara ya pili ni sura ya 21. Njaa imepiga nchi miaka 3. Daudi, mfalme mpya, anaambiwa ni kwa sababu Sauli aliua Wagibeoni. Wagibeoni wanakataa pesa, wanataka wanaume 7 wa ukoo wa Sauli. Daudi anawatoa. Wawili ni wana wa Rispa, Armoni na Mefiboshethi, na watano ni wajukuu wa Sauli. Wote 7 wanauawa siku moja, mlimani, mwanzo wa mavuno ya shayiri, na miili inaachwa hapo hapo.

Rispa anachukua gunia, anatandika juu ya mwamba, anakaa. Mchana anafukuza ndege, usiku anafukuza wanyama wa porini. Anakaa kutoka mavuno mpaka mvua inyeshe. Kule shayiri inavunwa kama Aprili, na mvua za msimu zinaanza kama Oktoba. Kama ni hiyo mvua, basi alikaa karibu nusu mwaka. Na halindi wake wawili pekee, analinda wote saba.

Cheki kitu kingine. Torati, Kumbukumbu 21, inasema aliyetundikwa azikwe siku hiyo hiyo. Mfalme ndiye amevunja sheria. Anayeifuata ni huyu mama, na kwa sura nzima hajapewa hata neno moja la kusema. Habari zinamfikia Daudi, na sasa ndiyo anatuma watu wakusanye mifupa, pamoja na ya Sauli na Yonathani ambayo ilikuwa imekaa Yabeshi-Gileadi hiyo miaka yote, na wanaizika kwa kaburi la baba yake Sauli.

Na hapa ndipo nilirudia kusoma mara tatu. Mungu anasikia maombi ya nchi baada ya mazishi. Mstari wa 14. Wale vijana walipouawa ndio njaa iishe, Biblia haisemi Mungu alijibu. Inasema alijibu baada ya hayo yote, yaani mifupa ikishazikwa. Nimelelewa kanisani, na sijawahi sikia mtu akihubiri hii. Siku ya akina mama tunapewa Mithali 31, mke mwema anaamka mapema, basi.

Lakini Nairobi inaijua hii stori hata bila mahubiri. Februari 28, 1992, akina mama, wengi wao wazee, walienda kwa Mkuu wa Sheria Amos Wako kudai wana wao waliofungwa kwa sababu ya siasa. Mmoja alikuwa Monica Wangu, mama yake Koigi wa Wamwere. Halafu wakapiga kambi Uhuru Park, Wangari Maathai akiwa nao, wakakataa kula. Machi 3 polisi wakaja na rungu na gesi ya machozi. Maathai alipigwa akazimia. Kuna akina mama walivua nguo mbele ya polisi, na kwetu hiyo ni laana, si vituko. Wakahamia All Saints Cathedral na wakakaa huko karibu mwaka mzima. Kufikia mwanzo wa 1993 karibu wana wao wote walikuwa nje.

Wale angalau walikuwa wanangoja watoto walio hai. Huku kwetu Eastlands ni tofauti. Mathare Social Justice Centre walitoa ripoti 2017 kuhusu vijana wanaouawa na polisi, na akina mama wa hao vijana wameungana, wanaenda kortini pamoja, hata kama kesi ya leo si ya mtoto wake.

Kuna kijana wa ploti yetu alipigwa risasi. Sitamtaja. Mama yake alikataa mwili uzikwe kabla upasuaji haujafanywa mbele ya daktari wa familia, kwa sababu alijua ukizikwa hivyo, ushahidi umezikwa pia. Siku tatu alikaa nje ya mochari kwa kipande cha katoni. Mathe wangu alikaa naye siku mbili kati ya hizo, akaacha biashara, akarudi na miguu imefura. Wakati huo nilimuona kama mtu anapoteza siku. Nilimuuliza hata supper ni nani atapika.

Nilimsomea sista sura ya 21 Jumapili, yote. Alinyamaza kidogo, halafu akasema ni stori nzito sana kumpa mtoto mchanga. Nikamwambia Tiffany haina stori yoyote. Mathe alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mkiandika," akasema, "msisahau h."