Tundu Tano Kwenye Karatasi

Wale mliowahi kupanda baiskeli ya BSA mtaikumbuka alama yake: bunduki tatu zimesimama, zimeegemeana. Wengi tulidhani ni pambo tu, kumbe ni historia. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa mji wa Birmingham, Uingereza. Baiskeli zilikuja baadaye.

Juma hili nazungumzia bunduki ya upepo. Mwaka 1904 fundi wa mji huohuo, Lincoln Jeffries, alisajili uvumbuzi wake, na mwaka uliofuata BSA wakaanza kuiunda. Haina baruti. Unavuta wenzo ulio chini ya mtutu, springi inajikunja. Ukifyatua, springi inasukuma pistoni, nayo pistoni inabana hewa, na hewa inakitupa kidonge cha risasi.

Wakati ulikuwa mwafaka. Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 vilikuwa vimewaonyesha Waingereza kwamba wakulima wa Afrika Kusini waliwashinda kwa shabaha. Vilabu vya kulenga vikaenea. Katika baa za Birmingham wafanyakazi walishindana kulenga bamba la chuma lenye tundu dogo. Kidonge kikipenya, kengele inalia. Kengele haimpendelei mtu.

Mjomba wangu alikuwa na bunduki kama hiyo, kuukuu, ya kufukuzia ndege shambani. Siku nilizopewa mimi zamu, ndege walikula mtama mpaka wakashiba. Mjomba alinikaripia majuma kadhaa mbele ya watu, akaniita mzembe, na mwisho akaninyang'anya bunduki. Naye alipolenga, akakosa vilevile. Ndipo akaipeleka kwa fundi baiskeli, akisema imezeeka.

"Mzee," fundi alimwuliza, "pampu ya baiskeli ikikosa upepo, huwa unaitupa?"

Akaibana bunduki kwenye jiliwa na kuifungua polepole, maana springi hiyo ikiruka yaweza kumvunja mtu meno. Ndani, washa ya ngozi ya pistoni ilikuwa imekauka kama ganda la muhogo. Akailainisha kwa mafuta, machache tu, kwani yakizidi huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kama katika injini ya dizeli. Kisha akakaza skrubu zote zilizolegea. Akatuonya tusifyatue bila kidonge, kwa sababu pistoni hukosa hewa ya kuizuia ikajigonga. Wala tusiiache imekokiwa usiku kucha, springi ikachoka.

Halafu akabandika karatasi kwenye sanduku la udongo, hatua kumi. "Piga mara tano," aliniambia. "Usiegemeze bunduki kwenye jiwe, itaruka. Ilaze kiganjani, usiikabe." Tundu zote tano zilikaa pamoja, shilingi moja ingezifunika, lakini kushoto kwa alama. Fundi akatabasamu. Tundu zikitawanyika, alisema, chunguza chombo au mkono. Zikikusanyika pembeni, chombo kizima na mkono mzima. Rekebisha kilengeo tu. Akakisogeza kidogo, nikapiga katikati.

Mjomba hakusema neno. Njiani alinikabidhi bunduki niibebe, nami nikaelewa kwamba nimeombwa radhi.

Mwaka 1940 mabomu ya Wajerumani yalikipiga kiwanda cha BSA, yakaua wafanyakazi 53. Lakini bunduki ya upepo haikufa. Mwaka 1984 iliingia katika Michezo ya Olimpiki kule Los Angeles, umbali wa mita 10, na siku hizi kiini cha shabaha yake ni nusu milimita.

Wasikilizaji, mara ngapi tumemlaumu kijana, karani au dereva, kumbe washa ndiyo iliyokauka, na aliyepaswa kuitia mafuta ni sisi wenyewe? Kabla ya kukaripia, bandika karatasi. Piga mara tano. Hesabu tundu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.