Sauti ya Upinde

Juma hili tunaendelea na habari za silaha za kale, na leo tutazungumza juu ya jambo ambalo vitabu vingi vya historia hulipita upesi, nalo ni kelele ya upinde. Watu husema kwamba upinde hauna kelele. Husema hivyo kwa sababu wanaulinganisha na bunduki. Mwindaji hakubali maneno hayo, maana upote ukiachiwa hulia, na mnyama ana masikio.

Tufanye hesabu kidogo. Sauti huenda mwendo wa futi 1,100 hivi kwa sekunde moja. Mshale wa upinde wa mbao wenye nguvu za kadiri huenda kama futi 150 tu. Basi ikiwa kulungu amesimama umbali wa futi 60, sauti itamfikia kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kupita. Mshale utafika baada ya sehemu nne za kumi. Mtaona kuwa ni muda mdogo sana, lakini kulungu unamtosha kujikunja apate kuruka, na mshale ukapita hewani.

Sasa nitawapeleka mbali, mpaka California katika nchi ya Marekani, kwa watu walioitwa Wayahi. Nimewachagua kwa sababu kwao kelele haikuwa shauri la kukosa kitoweo tu, bali shauri la kufa au kupona. Waliishi katika mabonde ya mito ya Mill Creek na Deer Creek, chini ya mlima Lassen. Dhahabu ilipopatikana California mwaka 1848, wageni walimiminika, na katika miaka ya 1860 walowezi wenye bunduki waliwaua Wayahi kwa makundi, wanawake na watoto pamoja. Wachache waliosalia walijificha mabondeni kwa muda wa miaka 40 hivi.

Fikirini maisha hayo. Walikanyaga mawe wasiache nyayo. Mioto yao ilikuwa midogo ili moshi usionekane. Hata kuni na vijiti vya njiani hawakuvikata kwa kupiga shoka, kwa kuwa mlio wa shoka ni mlio wa binadamu. Walivikereza polepole kwa jiwe kali. Mtu wa namna hiyo angewezaje kupiga bunduki? Mlio mmoja ungesikika bonde zima, na kesho yake walowezi wangekuja. Upinde ndio uliowalisha.

Habari za upinde huo tunazijua kwa sababu ya mtu mmoja. Mwezi wa Novemba mwaka 1908 wapima ardhi waliiona kambi ya Wayahi waliobaki, wakachukua vyombo vyao, hata pinde na mishale. Kwa maoni yangu tendo hilo, japo halikumwaga damu, liliwamaliza watu hao sawasawa na risasi. Mwezi wa Agosti mwaka 1911 mwanamume mmoja, mwenye njaa na peke yake, alitokea penye machinjio karibu na mji wa Oroville. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha California walimpeleka San Francisco, akakaa katika nyumba yao ya makumbusho. Jina lake hakulitaja, kwa kuwa desturi yao ilimkataza, basi wakamwita Ishi, yaani "mtu" kwa lugha yake. Daktari Saxton Pope alikuwa rafiki yake na mwanafunzi wake wa upinde, na baadaye aliyaandika aliyojifunza.

Upinde wa Ishi ulikuwa mfupi, kama futi tatu na nusu hivi. Mti alioupenda ulikuwa wa jamii moja na mtarakwa wetu. Mgongoni aliubandika kano za kulungu kwa gundi, na upote wenyewe ulisokotwa kwa kano. Wakati mwingine aliweka ncha ya upinde pembeni mwa mdomo wake, akagonga upote kwa mshale, ukatoa muziki mtamu, naye akaimba. Kwa hiyo sauti ya upinde aliijua vema kuliko sisi.

Kelele hutoka wapi? Mpiga upinde anapovuta, nguvu za mkono wake huwekwa ndani ya mti. Akiachia, sehemu kubwa huchukuliwa na mshale. Zile zinazobaki hazina pa kwenda, hutikisa upote na mti, na mtikisiko huo ndio sauti. Ndiyo maana mshale mzito hunyamazisha upinde: huchukua nguvu nyingi zaidi. Mshale mwepesi mno huacha upinde unatetemeka na kulia. Lakini mshale mzito huenda polepole, basi mwindaji hana budi kusogea karibu. Wapenda pinde za mbao wa siku hizi wana dawa nyingine: hufunga manyoya ya fisimaji au nyuzi za sufu kwenye upote, karibu na robo ya urefu wake kutoka kila ncha, nayo hunywa ule mtikisiko.

Ishi alitegemea zaidi kukaribia. Siku ya kuwinda hakuvuta tumbaku, hakula chakula. Alioga mtoni alfajiri na kujipaka majani yenye harufu nzuri. Mara nyingine alivaa kichwa cha kulungu kilichokaushwa, akakichungulisha juu ya kichaka mpaka kulungu wakaja kutazama. Sungura aliwaita kwa kubusu vidole vyake, akatoa mlio wa mtoto wa sungura aliyeumia. Alipiga akiwa amechutama, upinde ameulaza upande, naye hakuharakisha.

Ishi alikufa kwa kifua kikuu mwezi wa Machi mwaka 1916.

Kabla ya somo lijalo, kila kikundi kikaze kamba juu ya ubao, kiipige kwa kidole, kisha kifunge manyoya au pamba pale nilipotaja na kupiga tena. Andikeni tofauti mliyoisikia. Halafu mjadiliane swali hili: kama Wayahi wangalikuwa na bunduki na risasi za kutosha, wangalijificha miaka mingapi?