Hamira na Bekingi Pauda: Maneno Mawili kwa Vitu Viwili

Mtu anayetaka kuoka keki ya harusi au ya Idi nyumbani hukuta mara nyingi kwenye vipimo: hamira, vijiko viwili. Neno hilo limebebeshwa vitu viwili visivyofanana, na naona ni lazima tuvitenganishe. Hamira ni viumbe hai, aina ya kuvu wadogo mno, wanaokula sukari na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi. Kazi yao huchukua saa nzima, pengine zaidi. Bekingi pauda haina uhai. Ni bekingi soda iliyochanganywa na asidi kavu, pamoja na wanga kidogo wa kuikinga na unyevu. Ikilowa, na tena ikipata moto, hutoa hewa ileile kwa dakika chache tu. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, aliibuni mwaka 1843 kwa sababu mke wake hakuweza kula kitu chenye hamira. Kuiita hamira ni kufuta sababu yenyewe ya kuwapo kwake.

Madhara yake huonekana kwenye oveni. Rojo la keki lina sukari na siagi tele. Sukari nyingi huvuta maji kutoka ndani ya chembe za hamira na kuzidumaza. Na hata zikifaulu kutoa hewa, rojo halina mnato wa donge la maandazi wa kuishikilia kwa muda wote huo. Povu la mayai yaliyopigwa kwa bidii nalo huwa limeshazama. Keki hutoka nzito, inanuka uchachu, na wageni wamekwisha kualikwa.

Wapo watakaosema kwamba mpishi mzoefu hujua kinachokusudiwa. Ni kweli, lakini mzoefu hahitaji kuandikiwa vipimo. Vinaandikwa kwa ajili ya asiyejua. Tena muktadha hautoshi, kwani pwani tuna vitamu vya sherehe vinavyoumuliwa kwa njia tofauti kabisa. Mkate wa kumimina, wa mchele uliorowekwa, tui la nazi na iliki, unataka hamira hasa, na huachwa mpaka utoe mapovu. Mkate wa mayai wa Zanzibar unaweza kuumuka bila hamira wala bekingi pauda, kwa hewa iliyoingizwa na mchapo peke yake. Msomaji atabahatisha vipi?

Hoja nzito zaidi ni kwamba bekingi pauda ni neno la kigeni. Lakini hamira nayo ilitoka Kiarabu, na keki yenyewe haikuzaliwa kwetu. Kutafsiri neno kwa neno, tukasema poda ya kuokea, hakusaidii: poda kwetu ni ya kupaka mwilini, na mwenye duka hataelewa unaulizia nini. Bekingi pauda ndilo jina ambalo waokaji tayari wanalo mdomoni, na linafuata matamshi yetu bila taabu.

Uangalifu huohuo unahitajika kwa magadi. Kuna wanaoita bekingi soda magadi, ilhali magadi ya kulainishia maharage, kama yale ya Ziwa Natron, yana kaboneti iliyo kali zaidi. Yakitiwa kwenye keki huacha ladha ya sabuni na kuifanya iwe ya manjano. Panapotakiwa bekingi soda, iandikwe bekingi soda.