Neno "Jinsia" na Shule za Wasichana

Vijana wa hapa Kiloleli huniuliza swali ambalo si la kipuuzi: kama Katiba inakataza ubaguzi, mbona Serikali inajenga shule za wasichana watupu katika kila mkoa, ukiwemo huu wetu wa Simiyu?

Ndugu msomaji, jambo hili lina historia. Tabora Wavulana, iliyofunguliwa na Waingereza miaka ya 1920, ilikusudiwa hasa kuwaandaa wana wa machifu kutawala. Binti wa chifu hakuwamo katika hesabu hiyo.

Hati ya Haki iliingia katika Katiba mwaka 1984. Ibara ya 13 ilitaja kabila, dini, rangi na mengineyo, jinsia haikutajwa. Hata hivyo, mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu Mwanza, alikataa mila ya Wahaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi, ilhali mwanamume aliweza. Neno lenyewe liliongezwa mwaka 2000, pamoja na sharti ambalo wengi hulipita bila kulisoma: hatua za makusudi za Serikali za kurekebisha matatizo katika jamii hazihesabiwi kuwa ubaguzi. Hapo ndipo shule hizi zinaposimama.

Lakini sheria haitazami lango tu, hutazama na viti. Mwaka 1989 mahakama ya juu ya Uingereza iliilaumu Birmingham kwa kuwa na nafasi 540 za wavulana na 360 za wasichana katika shule zake za wateule. Nasi tukumbuke shule zetu za zamani za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora Wavulana, kisha Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana. Msomaji ahesabu mwenyewe.

Kwetu Usukumani kuna na suala la ng'ombe wa mahari. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, mvulana akisubiri 18. Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu hivyo mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Naam, bweni humweka binti mbali na mazungumzo ya mahari, na ndiyo maana mimi naziunga mkono shule hizi.

Ila shule moja kwa mkoa mzima huchukua wachache. Waliobaki wamo katika shule za kata, pamoja na kaka zao, na wengi huenda na kurudi kwa miguu. Nao wanahitaji mabweni.