Maabara ya Berkeley na Majivu ya Olduvai

Mwaka 1961 jarida la Nature lilichapisha makala fupi ya Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis kuhusu majivu ya volkano ya Olduvai, Tanganyika. Tabaka ambamo Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, Julai 1959, lilikuwa na umri wa miaka milioni 1.75. Louis mwenyewe alikuwa amekisia miaka laki sita tu.

Evernden na Curtis walikuwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mbinu yao ilikuwa hii: sehemu ndogo sana ya potasiamu iliyomo katika mawe hugeuka polepole kuwa gesi ya argoni. Volkano ikilipuka, joto huifukuza gesi ya zamani. Jiwe likipoa, nyingine huanza kujikusanya ndani ya fuwele. Pima potasiamu na argoni, umri utaupata. Lakini katika mawe machanga argoni ni kidogo mno, na isingepimika bila mashine ya kioo aliyoiunda mwanafizikia John Reynolds hapohapo Berkeley, miaka ya 1950. Jina lake halitajwi inavyostahili.

Mtihani mkubwa wa mbinu hii ulikuja kutoka Koobi Fora, Kenya. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliokota vipande vya fuvu, maarufu kwa namba 1470, chini ya tabaka la majivu ambalo wapimaji wa Cambridge walilipa miaka milioni 2.6. Kwa fuvu lenye nafasi ya ubongo mkubwa kiasi kile, umri huo ulishangaza wengi. Mwaka 1975 kundi la Curtis likatoa majibu mengine: milioni 1.8 kwa eneo moja, 1.6 kwa jingine. Mabishano yalidumu miaka, na mwishowe ikakubalika karibu milioni 1.9. Berkeley walikuwa wamekaribia zaidi, ingawa ile 1.6 nayo ilianguka.

Curtis na wenzake waliungana na Taasisi ya Chimbuko la Binadamu ya Donald Johanson, kisha wakatengana nayo mwaka 1994 na kubaki kituo huru, Berkeley Geochronology Center. Mwaka 1997 Paul Renne wa kituo hicho na wenzake walilipima jiwe la mlipuko wa Vesuvio wa mwaka 79 BK, ambao tarehe yake iliandikwa na aliyeushuhudia. Mashine ilitoa miaka 1,925. Kalenda ilisema 1,918.

Curtis alifariki mwaka 2012. Kituo kiko bado Ridge Road, Berkeley, na majivu ya Afrika Mashariki ndiyo yaliyokipa umaarufu.