Uraibu Jeshini: Marekani Ilivyounganisha Kipimo na Tiba

Mwezi Juni 1971, utawala wa Rais Richard Nixon ulianza kuwapima mkojo wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakiondoka Vietnam, ambako heroini ilikuwa imeenea vikosini. Aliyebainika kuitumia hakushtakiwa katika mahakama ya kijeshi kwa kipimo hicho. Alibakizwa kwa siku kadhaa akitibiwa, ndipo akaruhusiwa kusafiri. Kwa askari aliyekuwa akihesabu siku za kurudi nyumbani, kucheleweshwa huko kulikuwa onyo tosha.

Utafiti wa Lee Robins, uliowafuatilia waliorejea, uliwashangaza wataalamu: miongoni mwa waliokuwa waraibu wakiwa Vietnam, takriban asilimia 5 tu walirudia uraibu katika mwaka wa kwanza.

Pombe ni mtihani mgumu zaidi, kwani ni halali na imezoeleka kambini. Mwenye tatizo huhofia cheo chake, hivyo hulificha. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani humruhusu askari kutafuta tiba ya ulevi kwa hiari bila kamanda wake kuarifiwa, mradi hali yake haihatarishi kazi wala usalama. Akishatenda kosa linalotokana na pombe, kamanda huhusishwa.