Malazi ya Mtoto Mchanga na Safari Ndefu ya Pamba

Katika maduka ya vifaa vya watoto ya Nairobi na Dar es Salaam, siku hizi mtu anaweza kukuta shuka au godoro la kitanda cha mtoto lenye lebo inayosema kwamba pamba yake imetokana na kilimo hai. Wapo wanaoiona lebo hiyo kuwa ni anasa ya Wazungu. Wapo pia wanaoiona kuwa ni marejeo ya maisha ya bibi zetu, enzi ambazo kila kitu kilikuwa cha asili na kila cha asili kilikuwa salama. Historia ya malazi ya watoto katika Afrika Mashariki haimpi ushindi yeyote kati yao. Nyuzi za asili tulikuwa nazo tangu kale, na baadhi yake zilitufikia zikiwa na damu na jasho la watu wasiolipwa. Kilichobadilika zaidi ni umbali kati ya aliyeotesha nyuzi na mtoto anayezilalia. Lebo ya kilimo hai ni jaribio la kuuziba umbali huo, na inafaa kupimwa kwa kazi hiyo, isichukuliwe kama hirizi.

Tuanze na kilichokuwamo ndani ya godoro. Pwani na visiwani, kitanda kilikuwa fremu ya mti iliyosukwa kwa kamba, juu yake mkeka, na kwa mwenye uwezo, godoro la usumba au la sufi. Mzazi alikaa ndani siku arubaini, na mwanawe alilala ubavuni pake juu ya nguo kuukuu zilizokunjwa. Kitanda cha mtoto cha peke yake, chenye vizuizi pande zote nne, ni kitu cha juzi kwa familia nyingi. Usumba ulitoka kwenye makumbi ya nazi, na namna ya kuupata haijapotea: katika vijiji kama Paje na Jambiani, Unguja, wanawake huyafukia makumbi ufukweni panapofikiwa na maji, huyakandamiza kwa mawe, huyaacha kwa miezi hadi yalainike, kisha huyafukua, huyaponda kwa magongo na kuzianika nyuzi. Sufi nayo ilitoka kwenye matunda ya msufi yanayopasuka wakati wa kiangazi. Nyuzi zake zina uwazi ndani na nta kwa nje, ndiyo maana ni nyepesi mno na hazinyonyi maji kwa urahisi. Msufi haukuhitaji kupigiwa dawa. Ulichodai ni mikono ya kuchambua mbegu nyeusi kutoka katika sufi, na baadaye mikono ileile kulitoa godoro juani kila lilipogandamana. Mama aliyemlaza mwanawe juu ya sufi aliweza kuuonyesha mti wenyewe kwa kidole.

Nguo ina historia ngumu zaidi. Pwani yetu ilisokota na kufuma pamba yake kwa karne nyingi. Katika machimbo ya Kilwa Kisiwani wanaakiolojia wamepata vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, ambavyo vilikuwa vizito vya pia za kusokotea uzi. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 aliandika kuhusu nguo zilizofumwa hapo na kupelekwa hadi Misri. Lakini katika karne ya 19 soko lilitawaliwa na merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa na meli za Wamarekani, hasa kutoka Salem, Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na merikani ikaenea hadi ndani kabisa ya bara kwa misafara. Pamba yake ilichumwa kwa sehemu kubwa na watumwa wenye asili ya Afrika katika mashamba ya kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini, ikavuka bahari mbili na kuishia kumvisha na kumlaza mtoto wa Unguja au Tabora. Ilikuwa pamba tupu, nyuzi za asili kwa asilimia mia, na aliyeilalia hakuwa na njia ya kujua mateso yaliyoizalisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipovuruga biashara hiyo, vitambaa vya Bombay vilichukua nafasi. Kisha ikaja kanga, ikachukua kazi zote za mtoto: kumpokea, kumfunika, kumbeba, kumtandikia. Nayo kwa miongo mingi ilipigwa chapa ng'ambo.

Pamba iliporudi kulimwa kwa wingi katika ardhi yetu, ilirudi kwa amri. Wajerumani waliwalazimisha wananchi wa kusini kulima mashamba ya pamba kwa ujira mdogo usiolingana na kazi, na mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waliingia shambani wakang'oa miche ya pamba. Hapo ndipo vita vya Maji Maji vilipoanzia. Wakati wa Waingereza zao hilo lilistawi zaidi Usukumani, na wakulima walijijengea nguvu kupitia ushirika. Victoria Federation of Co-operative Unions, iliyoanzishwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, ikawa moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Hata hivyo pamba ni mmea unaopendwa na wadudu, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia jibu lililotolewa duniani kote lilikuwa dawa za viwandani, DDT ikiwa mojawapo. Bomba la kunyunyizia likawa kifaa cha kawaida cha mkulima wa pamba. Marekani iliipiga marufuku DDT katika kilimo mwaka 1972, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ukaiwekea mipaka duniani, lakini mazoea ya kumaliza kila mdudu kwa sumu yalikuwa yameshaota mizizi.

Wakati huohuo godoro lenyewe lilibadilika. Polyurethane ilibuniwa Ujerumani na Otto Bayer mwaka 1937, na kuanzia miaka ya 1950 povu lake laini lilianza kuingia katika magodoro. Kwetu tukaliita sponji, na likaisukuma sufi pembeni. Si haki kuusimulia ushindi huo kama msiba mtupu. Godoro la sufi lilifanya mabonge, lilishika vumbi, lilipata ukungu wakati wa masika, na mishono yake ilikuwa makao mazuri ya kunguni. Usafi wake ulitegemea kazi ya mwanamke ambayo haikuhesabiwa na yeyote. Sponji ilikuwa nyepesi, sawa kila upande, na bei yake ilishuka hadi familia nyingi za kipato cha chini zikaimudu. Anayetaka turudi kwa bibi zetu hana budi kueleza ni nani atakayelianika godoro kila wiki. Kilichopotea katika mabadiliko hayo ni kile ambacho hakuna aliyekuwa akikilipia, yaani kuujua mti, shamba na mkono uliotengeneza kitu anacholalia mtoto. Mfuko wa sponji haukusema ndani mna nini.

Umuhimu wa kujua ulidhihirika Marekani kabla ya kufika kwetu. Povu hilo hushika moto kwa kasi, na kanuni ya jimbo la California ya mwaka 1975 kuhusu fanicha iliwasukuma watengenezaji kulitia kemikali za kuzuia moto. Baadhi ya kemikali hizo baadaye zilikutwa katika vumbi la nyumbani na katika maziwa ya mama, na mwaka 2009 zile zilizotumika sana katika povu ziliongezwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm. Wazazi wa huko walipoanza kutafuta godoro la mtoto lililotengenezwa kwa pamba, sufu ya kondoo au mpira wa asili, walikuwa wanajibu jambo halisi. Hapa kwetu, mwanzo wa pamba hai ulikuwa shambani. Mwaka 1994 mradi wa bioRe ulianza Meatu, wilaya kavu ya Usukumani, kwa ushirikiano na kampuni ya Uswisi ya Remei. Mkulima huzungusha pamba na mazao mengine kama dengu, hurutubisha ardhi kwa samadi, na hupanda mistari ya alizeti kati ya pamba ili kuwavuta viwavi pamoja na wadudu wanaowala. Anauza kwa bei yenye nyongeza juu ya ile ya soko.

Kutoka Meatu hadi kitanda cha mtoto kuna kinu cha kuchambulia, kiwanda cha uzi, cha kitambaa, cha rangi, na mshonaji, mara nyingi katika nchi tatu au nne. Ndiyo maana cheti kimekuwa cha lazima. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai na alama ya Kilimohai, lakini hicho ni kiwango cha zao. Kwa nguo kipo kiwango cha kimataifa kiitwacho kwa kifupi GOTS, ambacho hutaka bidhaa yenye daraja la juu iwe na angalau asilimia 95 ya nyuzi za kilimo hai, na ile ya daraja la pili asilimia 70. Hakiishii shambani. Kinapiga marufuku rangi zinazoweza kutoa kemikali za kusababisha saratani, kinakataza formaldehaidi inayotumika kuzuia nguo isikunjamane, na kinadai kwamba viwandani pasiwe na kazi ya kulazimishwa wala ajira ya watoto. Mtu akiikumbuka merikani, ataona kwamba sharti hilo la mwisho lilichelewa karne nzima na zaidi.

Hapa hutokea hoja nzito, nayo ni kwamba pamba ikishachambuliwa, ikasafishwa, ikapaushwa na kufuliwa, mabaki ya dawa za shambani katika shuka ni madogo sana. Basi mtoto anayelala juu yake anafaidika na nini? Ukweli ni kwamba kwa upande wa dawa za shambani anafaidika kidogo. Anafaidika zaidi na udhibiti wa rangi na kemikali za kiwandani, ingawa hata huko kuifua nguo mpya vizuri kabla ya kuitumia hupunguza mengi. Anayefaidika hasa ni mtoto mwingine, yule wa mkulima wa pamba, ambaye baba yake hulibeba bomba mgongoni na ambaye nyumbani kwao kopo la dawa linaweza kuhifadhiwa chumba kimoja na chakula. Wanaoiuza lebo hii kwa kumtisha mama mwenye mtoto wanaficha sababu yake bora kuliko zote. Shuka ya kilimo hai ni njia ya mzazi mmoja kutomlaza mwanawe juu ya hatari iliyoachiwa mtoto wa mwenzake.

Hoja ya pili ni ya usalama, nayo inawagusa wapenzi wa vya asili moja kwa moja. Kuanzia miaka ya 1990, Uingereza, New Zealand, Marekani na nchi nyingine ziliwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua sana. Marekani vilishuka kwa karibu nusu katika muongo huo. Wataalamu wanasisitiza godoro gumu, tambarare, lenye shuka iliyobana, bila mto, bila blanketi zito, bila midoli. Mto wa sufi ni wa asili, na si salama kwa mtoto mchanga. Sponji ngumu isiyobonyea ni ya kiwandani, na kwa jambo hili inalishinda godoro la sufi linalozama. Zaidi ya hayo, katika nchi zetu kitu kinachookoa maisha kuliko vyote kitandani mwa mtoto ni chandarua chenye dawa. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua ambavyo nyuzi zake ni za plastiki na dawa ya mbu imetiwa ndani ya nyuzi zenyewe. Hakuna kitu kilicho mbali na kilimo hai kuliko hicho, na mzazi atakayekiondoa kwa kupenda usafi wa asili atakuwa amemfungulia mbu wa malaria mlango.

Imebaki hoja ya bei. Malazi yenye cheti ni ghali, na familia nyingi haziwezi. Kwao mambo makubwa hayahitaji pesa nyingi: godoro gumu linaloenea kitandani bila kuacha mwanya, kanga au shuka ya pamba iliyofuliwa mara nyingi na kutandikwa ikabana, jua la kutosha, na chandarua. Mwenye uwezo wa kuongeza na aongeze, ila asome cheti badala ya kuridhika na neno asilia lililoandikwa kwenye mfuko, na aulize kitambaa kilitiwa rangi wapi na ndani ya godoro mna nini. Lakini deni kubwa halimhusu mzazi. Pamba ya Tanzania, pamoja na ile ya Meatu, husafirishwa nje kwa sehemu kubwa ikiwa haijafumwa, kisha sisi tunanunua nguo na mitumba kutoka hukohuko. Wenye viwanda na serikali zetu wakiamua kufuma hata sehemu ndogo ya pamba hiyo kuwa shuka za watoto, mzazi wa Mwanza ataweza tena kuonyesha kwa kidole shamba lililomtandikia mwanawe, na bei haitabeba nauli ya kuzunguka dunia. Kazi hiyo ifanywe, na ianze na watoto.